Mtoto wako kaambiwa aingie mahakama ya madawa huku Marekani? Fanya hivi kabla na baada ya kusaini

Nawaandikia wazazi wenzangu mlioko Marekani, wa Kongo, Burundi, Tanzania, Kenya, mliopitia kambi za Nyarugusu au Kakuma au Nakivale na mliokuja kwa grinkadi ya bahati nasibu, wote. Dogo ana miaka 15 au 16, kadakwa na bangi au vidonge, au kavunja gari ya mtu usiku akiwa amelewa, mmeshaenda mahakama ya watoto mara kadhaa na sasa kuna mtu kawaambia ipo programu, mtoto hatafungiwa, atatibiwa huku jaji akimfuatilia, weka saini hapa. Na kwa ile furaha ya kusikia hatafungiwa unashika kalamu hapo hapo. Ngoja kwanza.

Programu yenyewe ni ya kweli, sio utapeli. Ilianzia kwa watu wazima Miami mwaka 1989, majaji walichoka kuona watu wale wale wa kokeni wanafungwa wanatoka wanarudi, wakasema bora tuwatibu huku tumewashika. Miaka ya katikati ya 1990 wakaanza kufanya hivyo kwa vijana. Kwenye barua utaona imeandikwa Juvenile Drug Court au Juvenile Drug Treatment Court, sisi tuite mahakama ya madawa tu. Sio jengo lingine, mara nyingi ni mahakama ile ile ya watoto ila kuna siku maalum kwenye wiki ambapo jaji anakaa na timu: mwendesha mashtaka, wakili wa mtoto, ofisa wa probesheni (yule anayemsimamia mtoto kwa niaba ya mahakama akiwa nyumbani), kaunsela wa matibabu, wakati mwingine na mtu wa shule. Wanakutana kabla ya kikao, wanamjadili kila kijana, af ndo mnaingia. Inachukua karibu mwaka, kuna sehemu inapungua kidogo kuna sehemu inazidi mpaka mwaka na nusu.

Sasa hapa ndo watu wengi hawaambiwi: kesi ni ya mtoto lakini mwenye kubeba mzigo ni mzazi. Wewe ndo utampeleka kupima mkojo, wewe ndo utakaa kwenye vikao, wewe ndo utaulizwa na jaji mbele ya watu "wiki hii nyumbani kulikuwaje". Kama umesaini kitu usichokielewa, utakwama mwezi wa pili.

HATUA YA KWANZA: usijibu siku hiyo hiyo, ongea na wakili

Mtoto ana haki ya wakili, na kama hamna hela analetwa bure. Hii haki haikushuka tu kutoka mbinguni, kuna kijana wa miaka 15 kule Arizona anaitwa Gerald Gault alishitakiwa kwa kumpigia jirani simu ya matusi, akahukumiwa akae shule ya kurekebisha tabia, ambapo angeweza kushikiliwa mpaka afike miaka 21, hakuna wakili, wazazi hata hawakuandikiwa vizuri mtoto kashitakiwa nini. Mwaka 1967 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema hapana, mtoto naye ana haki ya wakili, haki ya kuambiwa kosa lake mapema, na haki ya kutojibu maswali yanayomtia hatiani. Kwa hiyo sisi wazazi tuliozoea kumwambia mtoto "sema ukweli wote mbele ya askari" tupunguze, akae kimya mpaka wakili afike. Huko sio kumfundisha uongo.

Mambo mawili kuhusu huyo wakili. La kwanza, wengi wetu tukisikia analipwa na serikali tunaona ni mtu wa serikali, tunamficha vitu. Sio hivyo, kazi yake ni kumtetea mtoto, anayemshitaki ni mwingine kabisa na wanakaa meza tofauti. La pili, mteja wake ni mtoto, sio wewe. Anaweza kukuomba utoke nje aongee na dogo peke yake, na anachoambiwa na dogo hatakuambia. Najua inauma, mtoto nimemzaa mimi af mzungu ananitoa nje, ila usigombane naye, toka, kaa pale kwenye kiti, subiri.

Mwombe wakili akueleze njia zote zilizopo, sio hii moja. Kuna kuonywa tu, kuna probesheni ya kawaida, kuna programu fupi za nje ya mahakama, kuna kupambana na kesi yenyewe maana pengine polisi walimpekua vibaya au hawana ushahidi. Mahakama ya madawa ni mojawapo tu.

HATUA YA PILI: mkalimani, na sio mtoto wako

Hapa nitakaa kidogo maana ndo panapoharibikia. Mtoto asikutafsirie. Wala mdogo wake, wala binamu yake, wala pasta. Fikiria kaunsela anasema "kipimo kimetoka na bangi mara mbili", dogo anageuka anakwambia "mama, anasema naendelea vizuri". Inatokea sana tu, na wala usimlaumu, nani angejitafsiria mwenyewe habari zake mbaya?

Mahakama na vituo vya matibabu vinavyopokea hela za serikali kuu vinabanwa na sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964, ile sehemu yake ya sita, visimbague mtu kwa asili yake, na kumnyima mtu mawasiliano kwa sababu ya lugha kunaweza kuhesabika humo. Kwa hiyo omba mkalimani, na uombe mapema, piga simu kwa karani au mwambie wakili siku kadhaa kabla. Usiseme "Swahili" tu ukanyamaza. Sema Kiswahili cha wapi. Mtu wa Uvira kule Kongo akiletewa mkalimani wa Zanzibar kwenye simu, na simu yenyewe inakatika katika, wataelewana nusu. Na kama Kiswahili chenyewe ni lugha yako ya pili, nyumbani unaongea Kinyamulenge au Kibembe au Kirundi, sema hivyo, usione aibu.

Mkalimani akitafsiri vibaya nyosha mkono, sema sijaelewa, naomba arudie. Ukikaa kimya ukatikisa kichwa, kwenye karatasi zao wataandika mzazi ameelewa. Na kabla ya saini mwambie mkalimani akusomee mkataba mstari kwa mstari kwa sauti, sio muhtasari. Utachukua saa nzima, wacha uchukue.

HATUA YA TATU: imigresheni kabla ya kukiri chochote

Kama mtoto ni raia wa Marekani ruka hapa. Kama sio raia soma mara mbili.

Habari njema ni kwamba kesi ikiisha ndani ya mahakama ya watoto, kwa upande wa uhamiaji haihesabiki kama hukumu ya jinai, bodi ya rufaa za uhamiaji ilishasema hivyo mwaka 2000. Lakini hiyo haimaanishi karatasi zake ziko salama moja kwa moja. Kuna vitu uhamiaji wanaangalia bila kuhitaji hukumu. Kuuza ndo kubaya kuliko vyote, yaani wakiwa na sababu ya kuamini tu kwamba mtu aliuza au alisambaza inatosha kumfungia mlango. Ulevi wenyewe, wa madawa au wa pombe, pia unaweza kuulizwa kwenye uchunguzi wa daktari wa grinkadi. Na kesi ikihamishiwa mahakama ya watu wazima, hesabu inabadilika kabisa, hapo ni hukumu kamili.

Na bangi jamani. Jimbo lako limeruhusu, duka liko pale kona lina taa za kijani, lakini kwa sheria ya uhamiaji, ambayo ni ya serikali kuu, bangi bado ni kosa. Mtoto asiye raia akikiri kwa ofisa wa uhamiaji anavuta, haijalishi jimbo limesema nini.

Kwa hiyo mwulize wakili wa mtoto swali hili kwa maneno haya haya: mwanangu ana grinkadi, au ni mkimbizi bado hajapata grinkadi, au kesi yetu ya asailamu (kuomba hifadhi) bado inaendelea, je akiingia programu hii atatakiwa kukiri nini, na maneno ya kwenye karatasi yatasomekaje kwa mtu wa uhamiaji? Kama hajui, na wengi hawajui maana sio fani yao, mwombe aulize wakili wa uhamiaji. Mashirika yaliyowapokea mara nyingi yana wakili wa uhamiaji au yanajua wa bei nafuu.

Halafu kuna hili ambalo watu wanalichelewesha bure. Kama mtoto hajafika miaka 18, ana grinkadi, anaishi na wewe na uko na haki ya malezi yake, siku wewe mzazi unapokuwa raia na yeye anakuwa raia hapo hapo bila kuapa, ni sheria tangu 2001. Kama umeshatimiza miaka yako mitano na umekuwa ukisema nitaomba mwakani nitaomba mwakani, kwa mzazi mwenye kijana anayehangaika na madawa hii ni ya haraka kuliko kununua gari nyingine.

HATUA YA NNE: je dogo anaihitaji kweli?

Mwaka 2016 ofisi ya serikali kuu inayoshughulika na makosa ya vijana ilitoa mwongozo kwa mahakama hizi. Walisema zipokee vijana wa miaka 14 na kuendelea, ambao wana tatizo la ulevi lililothibitishwa kwa tathmini, na ambao hatari yao ya kurudia makosa ni ya kati au kubwa. Soma tena hapo. Kijana aliyekutwa na vepu (sigara ya umeme) ya bangi mara moja chooni shuleni, masomo yake yanaenda, hana rekodi, huyo sio wa programu ya mwaka mzima. Ukimweka humo atakaa chumba kimoja na vijana waliozama zaidi yake, atapata marafiki wapya ambao hukuwataka, na kila kosa dogo linakuwa kosa la mahakama, kachelewa kupima, karudi nyumbani saa tatu badala ya saa mbili, tayari adhabu. Aliyeingia na shida ndogo anatoka na rekodi kubwa.

Na niwe mkweli, tafiti za mahakama za madawa za vijana hazijatoka vizuri kama za watu wazima. Matokeo yamechanganyika, kuna zinazosaidia, kuna ambazo hazina tofauti na probesheni ya kawaida. Kinachofanya tofauti ni matibabu yenyewe yakoje, na kama familia inaingizwa ndani. Kwa hiyo sio kila ukipewa useme ndiyo. Mimi kwa maoni yangu, kama mtoto ameshaacha shule, anaiba ili apate hela ya vidonge, na umejaribu kila kitu hasikii, hapo ingia. Kama ni bangi ya wikendi, mwambie wakili apiganie kitu chepesi zaidi.

HATUA YA TANO: maswali ya kuuliza kabla ya saini

Andika kwenye simu, uliza moja moja, usikubali kujibiwa "don't worry".

Anakiri kosa kwanza ndo anaingia, au kesi inasimamishwa tu na akimaliza inafutwa? Hili la kwanza kabisa, maana kama amekiri mwanzoni af akashindwa katikati, hakuna tena kesi ya kupambana nayo, jaji anaenda moja kwa moja kwenye adhabu.

Akishindwa anaenda wapi, na muda aliokaa kwenye programu unahesabika au unaanza sifuri?

Kuna ada? Kaunti nyingine zinatoza vipimo, zinatoza usimamizi. Kama ipo uliza msamaha wa ada, unajaza fomu ya kipato.

Nyumba yangu itapekuliwa? Simu yake? Chumba cha wadogo zake? Mikataba mingi ina kipengele cha kuruhusu ofisa wa probesheni aingie bila kibali, na kama kuna ndugu amelala kwenu ambaye karatasi zake hazijakaa sawa, ujue hilo kabla.

Mimi mzazi nikishindwa kuhudhuria nitafanywa nini? Maana kuna majimbo jaji ana uwezo wa kumwamuru mzazi.

Matibabu ni ya aina gani? Hapa unachotaka kusikia ni kwamba kaunsela atakaa na familia nzima, ikiwezekana anakuja nyumbani. Tiba zenye ushahidi mzuri kwa vijana ni zile zinazomfanyia kazi kijana pamoja na wazazi wake, pamoja na zile za kubadili fikra na tabia. Wakikujibu ni kukaa duara na vijana wengine mara moja kwa wiki basi, uliza zaidi. Na kama wewe ni Muislamu na wanampeleka kwenye kikundi cha kusali kanisani, au wewe ni Mkristo na hutaki kikundi fulani, una haki ya kuomba kingine kisicho cha dini.

Bima: kama mtoto yuko kwenye Medicaid, mpaka miaka 21 inatakiwa ilipie matibabu ambayo ni ya lazima kiafya, ulevi ukiwemo.

HATUA YA SITA: tathmini na siri

Kabla ya kuingia kuna mtu atamhoji dogo saa moja au mbili, na wewe utahojiwa. Sisi hapa tunaharibu kwa aibu. Tunasema nyumbani hakuna shida, tunasali, mtoto aliharibiwa na marafiki wa Kimarekani. Wakati mtoto aliona mambo njiani, au alizaliwa kambini, au baba alibaki kule na hakuna anayemzungumzia, au amelelewa na shangazi miaka minne ndo akaja kukutana na mama uwanja wa ndege. Hayo yaseme. Wakijua wanampa kaunsela wa mambo ya vita na kupoteza ndugu, wasipojua wanampa somo la "sema hapana kwa madawa".

Kuhusu siri, kumbukumbu za matibabu ya ulevi zina ulinzi wa sheria ya serikali kuu kuliko hata kumbukumbu za kawaida za hospitali. Haziwezi kutolewa hivi hivi, ndo maana watakuletea fomu ya kuruhusu kaunsela aongee na mahakama. Bila fomu hiyo programu haiendi, kwa hiyo mtasaini, lakini angalia imeandika nani ataona, ataona nini, na mpaka lini. Shule haina haja ya kujua dogo alimwambia nini kaunsela, inahitaji kujua tu kama anahudhuria. Na mwulize wakili kama ipo ahadi kwa maandishi kwamba atakachokisema kwenye matibabu hakitatumika kumfungulia kesi mpya. Ikiwa haipo, dogo aongee na wakili wake kwanza kabla hajaanza kuhadithia.

HATUA YA SABA: wiki kwa wiki

Programu inaenda kwa fezi, yaani ngazi, tatu au nne au tano. Fezi ya kwanza ndo kazi: mahakamani karibu kila wiki, vipimo mara mbili au zaidi kwa wiki bila kujua siku, kaunsela, shule, kurudi nyumbani mapema. Ukipanda fezi vinapungua.

Vipimo viko hivi. Sehemu nyingi mnapewa namba ya simu mnapiga kila asubuhi, mtoto ana rangi yake, ikitajwa leo anaenda leo. Weka alamu, piga wewe mwenyewe, usimwachie. Kutokwenda kupima mara nyingi kunahesabika sawa na kukutwa na madawa. Akinywa maji galoni nzima ili asafishe mkojo maabara inaona mkojo ni mwepesi mno, na hiyo nayo ni kosa. Bangi kwa aliyekuwa anavuta kila siku inaweza kuonekana hata mwezi mzima baada ya kuacha, kwa hiyo wiki za mwanzo kipimo kikisema ipo usimrukie, uliza kama kiwango kinashuka. Pombe nayo kuna kipimo kinachoona mpaka siku tatu nyuma, dogo anayesema nilikunywa Jumamosi hawatajua Jumatatu, watajua.

Vitu vya nyumbani vya kuangalia: dawa ya kusukutua mdomo yenye alkoholi, dawa za kikohozi, mikate yenye mbegu za popi, pipi zile za bangi ambazo ukiziona utadhani ni za watoto. Dawa za kienyeji zilizotumwa na bibi kwenye chupa isiyo na jina, weka mbali. Na wajomba wa miraa sikilizeni, huku sio Meru wala Mombasa, miraa ndani yake kuna kemikali iliyopigwa marufuku na serikali kuu, kijana akitafuna na nyinyi sebuleni siku ya harusi mmemwingiza matatani. Vidonge vyako vya maumivu baada ya operesheni vifungie kwenye kabati lenye kufuli.

Kazi sasa. Vikao vingi ni mchana au jioni mapema, wewe uko shifti kiwandani kwenye nyama au kwenye maghala. Kama umefanya kazi hapo miezi 12, umefikisha saa 1,250 ndani ya mwaka huo, na kampuni ina watu 50 au zaidi eneo lako, sheria inakupa mpaka wiki 12 kwa mwaka za likizo isiyo na malipo kumhudumia mtoto anayetibiwa, na unaweza kuzichukua kwa vipande, saa mbili leo saa tatu kesho. Hiyo ni kwa miadi ya matibabu, sio ya jaji, kwa hiyo mwombe kaunsela akujazie fomu mapema. Kwa ajili ya kikao cha jaji omba barua kwa mratibu wa programu umpelekee supavaiza. Usafiri pia uliza, programu nyingi zina tiketi za basi ila hawatoi bila kuulizwa.

HATUA YA NANE: siku ya kikao

Jaji ataongea na mtoto moja kwa moja. Vipi shule, nini kimekuwa kigumu wiki hii, unajivunia nini. Sasa kwetu mtoto aliyelelewa vizuri anaangalia chini mbele ya mkubwa, anajibu kwa sauti ndogo. Jaji anaweza kuona ni dharau au anaficha kitu. Mwambie wakili au kaunsela mapema kabisa awaeleze timu kwamba hii ni heshima ya kwetu, na nyumbani mzoeshe dogo kuinua kichwa na kujibu kwa sentensi nzima.

Wewe ukiulizwa sema kweli, nzuri na mbaya, na anza na nzuri hata kama ni ndogo, kaamka mwenyewe, kamsaidia mdogo wake hesabu. Mahakama zinazofanya kazi vizuri zinatoa pongezi na zawadi nyingi kuliko adhabu, kadi ya duka, kuongezewa saa ya kutoka, makofi mahakamani. Wazazi wetu wengi wanaona upuuzi, mtoto kafanya makosa af anapigiwa makofi, lakini kwa kijana hivyo ndo vinavyofanya kazi. Kama kuna kwaya, mpira, madrasa, ngoma za jumuiya, taja, omba zihesabike kama shughuli zake za muda wa bure, wengi wanakubali.

Usimfichie makosa. Ukimfichia mara moja dogo anajua mama yuko upande wangu dhidi ya jaji, na hapo programu imeisha hata kama karatasi zinaendelea. Lakini pia usigeuke askari wa kuripoti kila neno, kakunja uso, kajibu vibaya. Yaongelee na kaunsela hayo.

HATUA YA TISA: akirudia

Atarudia. Sisemi kwa kumwombea mabaya, wengi wanateleza angalau mara moja na timu inalijua hilo. Kinachotakiwa kufuata ni matibabu yabadilishwe au yaongezwe, na adhabu ndogo ndogo, insha, saa za kazi za kujitolea, kurudishwa fezi. Kufungiwa mahabusu ya watoto kunatakiwa kuwe nadra, mwongozo wa 2016 unasema hivyo hivyo. Ukiona jaji anamfungia kwa kila kipimo kibaya mwambie wakili apinge, na kabla ya kufukuzwa kwenye programu mtoto asikilizwe akiwa na wakili wake pembeni.

Usimpige. Najua tulivyolelewa. Alama moja mgongoni, mwalimu akiiona, anawajibika kisheria kuripoti, na sasa una kesi mbili, ya dogo na ya kwako, na wadogo zake wanaweza kuondolewa nyumbani.

Na hili la fentanili, ile dawa kali mno ya maumivu, silipiti haraka. Vidonge vinavyouzwa kwenye Snapchat vikiwa na sura ya dawa ya hospitali vingi vimetengenezwa mtaani na vina fentanili ndani, na kijana aliyekaa mwezi bila kutumia mwili wake hauna tena uzoefu, kidonge kile kile alichozoea kinaweza kumuua. Weka Narcan nyumbani. Ni dawa ya kupuliza puani, tangu 2023 inauzwa bila cheti cha daktari, na idara nyingi za afya za kaunti zinagawa bure. Ukimkuta hapumui vizuri, midomo imekuwa ya bluu, haamki, puliza pua moja, piga 911, mlaze ubavu, baada ya dakika mbili tatu kama bado puliza ya pili pua nyingine. Usiogope kupiga simu kwa sababu ya kesi, majimbo karibu yote yana sheria ya kumlinda kwa kiasi fulani anayeita msaada, na hata pasingekuwepo, kesi unaweza kuipambania akiwa hai.

HATUA YA KUMI: akimaliza

Kuna sherehe, cheti, jaji anamshika mkono, mara nyingi na keki. Nenda na watu, bibi, majirani, vaa vizuri. Lakini kabla hamjaondoka kwenye jengo mtafute wakili mmuulize kesi imefutwa leo au inahitaji ombi jingine, na rekodi inafungwa yenyewe au mpaka tuombe, maana kila jimbo lina utaratibu wake na kuna majimbo usipoomba inabaki wazi. Pata jibu kwa maandishi.

Af kwa karani omba nakala zilizogongwa muhuri za mashitaka na za jinsi kesi ilivyoisha, na uziombe KABLA rekodi haijafungwa, baada ya hapo kuzipata ni shughuli. Sababu ni hii: siku dogo ana miaka 20 na kitu anajaza fomu ya uraia, ile N-400, ataulizwa kama aliwahi kukamatwa, na anatakiwa ajibu ndiyo hata kama ilikuwa utotoni na rekodi imefungwa. Ofisa anaweza kutaka karatasi, na kusema uongo hapo kunamwangusha kuliko bangi yenyewe. Kwa kazi za kawaida na vyuo ni tofauti, huko mara nyingi rekodi ikishafungwa halazimiki kusema, ila amuulize wakili kwa jimbo lenu. Weka nakala moja kwenye bahasha pamoja na I-94 (karatasi ya kuingilia nchini) na vyeti vya kuzaliwa, nyingine piga picha, jitumie kwa imeli.

Na msikate kaunsela siku hiyo hiyo ya cheti. Medicaid bado inalipa, mwombe aendelee kumwona dogo japo mara mbili kwa mwezi.